Korosho Aliyofuturia Somoe

Bado akili inakataa. Juzi tu Somoe alinicheka kwenye video call kwamba nimenenepa kama mwali, leo natoka kijijini Makote kumzika.

Yeye Mmakonde wa Chilangala, mimi Mngoni wa Songea. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo nikicheka msibani msinishangae. Angekuwa yeye, angecheka zaidi.

Kwa wasiomfahamu: kwenye kiwanda chetu kidogo cha kina mama wa kubangua korosho pale Newala, Somoe ndiye alikuwa quality control, mwonjaji wa kupitisha mzigo. Mimi nilikuwa wa mauzo, yaani kupiga simu na kutumwa chai.

Kila mwaka mnunuzi wetu alikuja kutoka India, akaketi na Somoe, wakaonja pamoja kimya kimya. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na walielewana kuliko mimi na mke wangu.

Halafu corona ikaja. Ndege zikasimama, mnunuzi akafungiwa kwao, stoo yetu ikajaa hadi mlangoni na masika ndiyo hayo. Korosho zikiota ukungu, kiwanda kinafungwa na kina mama wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Nikamwomba mnunuzi tuonje kwa video call. Akakubali. Nikafungua boksi kwa mbwembwe, nikampa Somoe korosho. Akaniangalia tu. Ilikuwa Ramadhani, na mimi Mkristo nimesahau kabisa!

Nikatafuna mimi, nikasifia kwa Kiingereza changu chote. Mnunuzi akasema mimi hata jiwe nitalisifia, anamtaka Somoe.

Somoe akasema, "Mwambie angoje magharibi."

Akangoja, na kwao ilishakuwa usiku. Adhana ilipolia, Somoe aliacha tende na uji wake, akafuturu kwa korosho, boksi baada ya boksi. La mwisho akasita.

"Hili limeungua, moto ulizidi. Asilichukue."

Nilitamani kutafsiri vingine, lakini mnunuzi alishauona uso wake. Akacheka, akachukua mzigo wote kasoro boksi lile, tukalila wenyewe. Meli ilichelewa sana pale Mtwara, ila kiwanda hakikufungwa.

Jana nilimpigia mnunuzi kumpa habari ya msiba. Akauliza sasa ataonja nani. Nililia hapohapo, mbele ya wateja.

Kina mama wameamua nionje mimi, Mungu awasamehe. Kesho naanza. Somoe, nikikuta boksi baya nitasema, hata oda ikitupotea.

Umenipa kazi ngumu, mtani wangu. Ulale salama.