Waliniuliza mguu unaendeleaje, nikawajibu vile kanisa lilitaka kusikia

Wakuu, hamjambo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Nikiongeza chumvi atanirekebisha kabla yenu.

Kazi yangu ni kupogoa kahawa. Nina miaka arobaini na sita, niliishia Form Four, na sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu. Nimechimba viazi Endarasha, nimepakia nyanya Kutus, lakini msimu wa kupogoa ukifika narudi miteremko ya Gakindu. Hata sasa nikisikia harufu ya majani ya kahawa yaliyolowa mvua, miguu inataka kutoka.

Kwa hivyo mtaelewa mguu kwangu ni nini.

Mwaka juzi niliteleza nikishuka kwenda factory na gunia la kahawa begani. Mfupa wa paja ukavunjika juu kidogo ya goti. Hospitali moja mjini Nyeri wakanifanyia operesheni, wakaweka chuma na skrubu.

Kabla sijatoka, akaja dada mmoja anaitwa Nyawira. Alikuwa anafanya research ya kujua watu waliopasuliwa mifupa wanaendeleaje baadaye. Alisema atanipigia simu kila baada ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja. Maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi? Unapanda ngazi? Soksi unavaa mwenyewe?

Nikaweka sahihi.

Sasa, kanisani kwetu ukipona unatoa ushuhuda. Nilipoacha magongo tu, Jumapili nikasimama mbele nikasema Mungu ameniponya kabisa. Akina mama wakaimba. Nilijisikia vizuri, siwezi kukataa.

Lakini goti lilikuwa linapinda nusu, na mguu nilikuwa nauvuta.

Jumanne Nyawira akapiga simu. Sebuleni kulikuwa na watu watano wa kanisa wanakunywa chai.

Maumivu? "Sifuri."

Ngazi? "Napanda bila shida."

Soksi? "Mwenyewe."

Mzee mmoja pale akasema amina.

Simu ya pili ilinipata peke yangu, lakini ningebadilishaje? Ukishatoa ushuhuda, kusema unaumwa ni kama kumwita Mungu mwongo. Ndivyo nilivyofikiri. Sifuri tena. Ya tatu hivyo hivyo.

Msimu ukafika, nikashuka shambani. Mistari miwili ya kahawa tu, nikakaa chini. Mwenye shamba akaniambia kwa upole, "Pumzika, Baba Wanja, nitatafuta mtu mwingine."

Afadhali angenitukana. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kama mguu ni huu, kazi imeisha, na kutembea kwangu kumeisha.

Mwisho wa mwaka Nyawira akaniita Nyeri anikague kwa macho. Nikaenda na mke wangu, Njoki. Nyawira akasema, "Toa kiatu na soksi nione."

Kabla sijainama, Njoki alikuwa ashapiga magoti, anafungua kamba. Mazoea tu.

Nyawira akaangalia karatasi yake, halafu akamwangalia. "Mama, huwa unamvua kila siku?"

"Na kumvisha. Tangu atoke hapa."

"Lakini hapa amesema anavaa mwenyewe."

Njoki akageuka. "Ati ulisema nini?"

Nikasema, "Nilikuwa nashuhudia."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nikaeleza yote, kuanzia ile chai ya Jumanne.

Nyawira hakukasirika, lakini aliacha kucheka. Akasema, "Baba Wanja, daktari akisoma hizi sifuri, anaweza kumwambia mgonjwa wa kesho kwamba hahitaji mazoezi." Hiyo ilinichoma. Nilimfikiria mtu aliyelala kwa kile kitanda changu cha hospitali.

X-ray ikaonyesha mfupa umeshikana vizuri sana. Shida, akasema, ni goti limekauka, na tena kichwa bado kinaulinda mguu kama umevunjika jana. Akanieleza kwamba pale neva mbili zinapokutana ili zipitishiane ujumbe panaitwa synapse. Njia ikitumika kila siku, hapo panapata nguvu. Ikiachwa, panadhoofika, na nyingine ubongo huziondoa.

"Kumbe ubongo nao unapogoa," nikasema.

"Unapogoa. Lakini tawi la kubaki unalichagua wewe, kwa jinsi unavyotembea. Mwaka mzima umelisha kuchechemea."

Wakuu, nimeshika makasi ya kahawa miaka zaidi ya ishirini. Hakuna mtu amewahi kunieleza kitu nikakielewa haraka hivyo.

Alinipeleka kwa physio, mtu wa mazoezi ya viungo, siku hiyo hiyo. Tukiwa njiani kurudi, nikamuuliza Njoki, "Na ule ushuhuda?"

Akasema, "Mungu aliunga mfupa. Kupinda goti alikuachia wewe."

Mazoezi yalikuwa machungu kuliko operesheni, maana hapo hakuna dawa ya usingizi. Nilivuta goti kwa taulo, nikapanda na kushuka kijingazi cha jikoni, huku Njoki akihesabu. Mara nyingine aliruka namba makusudi ili nianze upya. Na soksi akagoma kunivisha. Siku ya kwanza nilipoivaa mwenyewe, chai ilishapoa mezani, na nilitaka kumpigia simu kila mtu.

Msimu huu nimerudi Gakindu. Nilianza na mistari mitatu kwa siku. Wiki iliyopita nilimaliza upande mzima wa shamba, mteremko wote mpaka mtoni, nikapanda tena kwa miguu yangu. Mwenye shamba akaniuliza kesho nitafika saa ngapi.

Nyawira aliponiomba niendelee na utafiti nilikubali, na safari hii nilimwambia maumivu ni mbili, asubuhi za baridi tatu. Aliandika hivyo hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba daktari hutibu mguu unaomsimulia. Ukimsimulia mguu wa mtu mwingine, wako utabaki hivyo.

Kama kuna mtu hapa ameshawahi kuvunjika paja, goti lilichukua muda gani kupinda kabisa? Na wenye chuma ndani, mlikitoa au mlikiacha? Nimeambiwa nichague. Nijibuni vile ilivyokuwa kweli, hata kama si ya kutia moyo.