Kidole Kisicho na Mfupa

Enzi zetu, mgeni hakuweza kupita Gazi bila kuminywa kidole gumba. Awe mnunuzi wa kaa, awe bwana afya aliyekuja kukagua vyoo, awe mzungu wa Diani aliyepotea njia, tulimfuata, tukamwamkia shikamoo kwa adabu zote, tukaushika mkono wake, na kabla hajatuachia tukakibonyeza kile kidole mpaka tuhakikishe kwamba ndani kuna mfupa. Tukiukuta mfupa, tulishukuru tukaenda zetu. Wageni walikuwa wakisifu sana malezi ya watoto wa Gazi.

Mwenye kututia katika mambo hayo alikuwa bibi yangu, Bibi Mwanasha. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja huko Diani na kurudi mara moja kwa mwezi, kwa hivyo mimi nililelewa na Bibi, na Bibi alizungumza habari za manabii kama mtu anayezungumza habari za jamaa zake walioko Mombasa. Wapo wanne, alituambia mimi na binamu yangu Hamisi huku akikuna nazi, ambao mauti hayajawapata. Wawili wako mbinguni, Nabii Idrisa na Nabii Isa. Wawili wako hapa hapa duniani, Nabii Ilyasi na Nabii Khidhri. Ilyasi hakumshughulikia sana, kwa kuwa alisikia anakaa nyikani. Wa kwake alikuwa Khidhri, aliyekunywa maji ya uhai akapewa kuishi mpaka mwisho wa dunia. Huyo huzunguka na sura ya maskini, hasa siku ya Ijumaa, na anapokaa nyasi kavu hugeuka kijani. Alama yake kubwa ni kwamba kidole gumba cha mkono wake wa kulia hakina mfupa.

"Mkimpata msimwachie mkono," alitwambia. "Mkimwachia, hammuoni tena. Muombeni haja yenu kwanza."

Nyasi tulizichunguza kwa muda kisha tukaacha, maana kila tulipopata kijani palikuwa ni pale wanapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Tukabaki na vidole.

Hamisi alitaka mpira wa ngozi. Haja yangu mimi ilikuwa nzito zaidi. Kila ulipoingia Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, Bibi alifungua kasha lake akatoa sanda yake. Alikuwa ameinunua mwenyewe, akaihifadhi kwa karafuu na kipande cha udi, na aliianika kwenye kamba ipate jua, kati ya sare yangu ya shule na kaptura za Hamisi. Kisha akatangaza: "Ramadhani ya mwaka huu siioni." Watu wazima walimwitikia tu, "Mungu akuweke, mama," wakaendelea na chai yao. Neno hilo walikuwa wakilisikia tangu ujana wao. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilimwamini. Bibi ndiye aliyekuwa nyumba yangu, na nilipoiona ile sanda ikipepea karibu na sketi yangu nililia peke yangu jikoni. Nilitaka kikombe kimoja cha yale maji ya uhai, basi.

Nikafanya kosa la kumuuliza Maalim wetu wa chuo cha Kurani, Nabii Khidhri hupendelea kupita wapi. Maalim alikuwa kijana, ndio kwanza amerudi kutoka masomoni. Akaniambia kwa upole kwamba Khidhri alikufa kitambo, kwamba hakuna mwanadamu aliyepewa kuishi milele, na kwamba hayo ya kidole ni ngano za vikongwe. Wenzangu wakacheka. Nikampelekea Bibi habari hizo za msiba.

Bibi hakuacha kukuna nazi. "Mwambie, siku akiliona kaburi lake anipeleke nikalizuru," akasema. "Maalim amesoma, mke mwenzangu. Lakini kutembea bado." Alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa ule utani wa bibi na mjukuu.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali na visima vyetu vikaingia chumvi. Ijumaa moja kabla ya adhuhuri, tena ndani ya Shaaban, akaja mtu tusiyemjua akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Shati lake lilikuwa na viraka na miguuni alivaa viatu vya tairi. Hamisi alimwamkia kwanza, akampa mkono, akaminya. Halafu akauachia ule mkono akakimbilia nyuma ya choo, na mpaka leo sijamsamehe. Nikaushika mimi. Kidole kilibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, kikapinda upande ambao vidole havipindi.

Nikamng'ang'ania kwa mikono miwili. "Nataka maji," nikamwambia.

"Maji iko mingi, mtoto wangu. Mtungi ngapi?"

"Kikombe kimoja. Yale ya kumfanya bibi yangu asife."

Akanitazama, kisha akautazama mkono wake uliokamatwa. "Hii yangu haijaua mtu," akasema. "Leta kikombe."

"Nikikuachia utapotea."

"Sasa nitapotea na mkokoteni?"

Sikutaka kubahatisha. Tulikwenda wote mpaka uani kwa Bibi, mimi nimemshika mkono, yeye amebeba mtungi mmoja kwa mkono wa pili, akigeuka kila mara kuangalia ile mingine. Nilipomnong'oneza Bibi, aliingia ndani akatoka na leso mpya. Akakifunika kiganja chake kwa ncha ya leso, maana nabii au si nabii ni mwanamume, akamsalimia mgeni. Nikauona uso wa Bibi ukibadilika. Mara mkeka ukatandikwa. Wali wa nazi ukaja, na samaki wa kupaka mzima, yule aliyekuwa amewekewa mjomba. Mgeni alikula bila kuuliza maswali. Ikasikika adhana ya Ijumaa, nasi tukangoja ainuke kwenda msikitini. Akaomba mchuzi.

"Huendi kusali, baba?" Bibi akamuuliza.

"Mimi ni wa kanisa, mama, naenda Jumapili. Naitwa Mutuku. Nimetoka Kitui, nakaa hapo juu kwa barabara."

"Na kidole?"

"Hiki kilishikwa na mashine ya kusaga mahindi. Daktari akatoa mfupa."

Nikaangua kilio. Kumbe huyu wetu alikuwa muuza maji tu, na Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili. Bibi alimtazama Mutuku, akaitazama sahani iliyobaki miba mitupu. Kisha akachukua kikombe, akakijaza maji ya ule mtungi, akapiga bismillahi, akayanywa kwa mikupuo mitatu mpaka mwisho.

"Nyamaza, mke mwenzangu," akaniambia. "Mfupa hana, maji ameleta, na leo ni Ijumaa. Wataka nini tena?" Akamgeukia mgeni. "Ijumaa ijayo upite. Utakuta chakula."

Bibi aliifunga Ramadhani hiyo yote, akafunga na nyingine ishirini na mbili. Sanda ya kwanza ililiwa na mende. Ya pili alimsitiri nayo jirani aliyekufa bila ya kujiandaa. Kila Shaaban alianika ile iliyokuwepo na kutoa tangazo lake, na kila Ijumaa Mutuku alipita akala. Vikongwe wote wa mtaa wakawa hawanunui maji ila kwake. Maalim naye alinunua, akasema ni kwa sababu ya chumvi ya kisimani.

Nilipokua nilisoma, nikakuta wanavyuoni wakubwa wamehitilafiana. Wapo waliosema Khidhri yu hai, wapo waliosema alikufa zamani, na kila upande una hoja zake. Kwa hivyo Maalim alikuwa na wenziwe na Bibi alikuwa na wenziwe, nami sina fatwa ya kutoa. Ninalojua ni kwamba watoto wa siku hizi hawatampata hata akiwepo. Wanapeana gota. Ngumi kwa ngumi, niaje, imekwisha. Shikamoo wanaituma kwa simu, tena kwa kikatuni. Nabii Khidhri anaweza kushinda stejini Ukunda toka asubuhi mpaka magharibi asijulikane na mtu, na huenda anashukuru, kwa vile tulivyowaminya watu.

Bibi alifariki mwaka jana, alfajiri ya Ijumaa, wiki tatu kabla ya Shaaban. Maji ya kumwoshea aliyaleta Mutuku. Amezeeka, mkokoteni siku hizi anausukuma mwanawe, lakini siku hiyo aliusukuma mwenyewe. Akaishusha mitungi mlangoni, akakataa kulipwa, akakaa nje kwenye benchi akilia kama mtoto. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya mazishi nilimtuma mwanangu Idi, ana miaka tisa, akamsalimie. Akamnyoshea ngumi. Mzee Mutuku naye akakunja yake.

"Fungua mkono, Idi," nikamwambia. "Msalimie babu vizuri."

Akaufungua. Wakashikana. Nilimuona mwanangu akishtuka, akaangalia chini kwenye ule mkono, kisha akanitazama mimi kwa macho makubwa.

"Mama," akasema, "kidole chake..."

"Najua," nikamwambia. "Usimwachie. Mlete ndani ale."