Jezi Namba Nne

Dobi ana msemo wake, na akishausema hakuna wa kumpinga: ukitaka kumjua mchezaji usimwulize kocha, mwulize anayemfulia. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu na chumba chake cha kufulia vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo msemo huo nimeusikia mara nyingi kuliko jina langu.

Anafulia timu yetu ya akina dada ya mpira wa magongo. Uwanja wetu ni wa vumbi jekundu na jezi zetu ni nyeupe. Aliyezichagua, Mungu amsamehe, hajawahi kufua hata leso. Ndiyo maana kila baada ya mechi mfuko wa jezi unakwenda kwa Dobi, na mfuko ukishafika, sisi mashabiki tunaanza kikao chetu.

Kikao kina watu wanne. Mimi nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwalimu mstaafu anakaa karibu na ubao mweusi uliotundikwa juu ya masinki ya saruji, kwa sababu chaki haijamtoka mkononi tangu astaafu. Muuguzi wa zahanati hakai. Yule dada anashangilia kwa mwili mzima, na hata mechi ikiisha mwili unaendelea. Dobi anasimama nyuma ya meza yake ndefu ya kupigia pasi, iliyotandikwa blanketi, na mashuka yaliyokunjwa yamempanda mpaka kidevuni.

Utaratibu ni huu. Dobi anatoa jezi moja, anaita namba yake. Sisi watatu tuliokuwa uwanjani tunasema tulichokiona. Kisha Dobi anaigeuza jezi, anaitazama kifua, mgongo na viwiko, na anatoa alama katika kumi. Mwalimu anaandika. Alama ya Dobi ndiyo ya mwisho, na sasa nikwambie jambo ambalo wageni huwa hawaliamini: Dobi hajawahi kuona mechi hata moja. Jumamosi ndiyo siku ya mashuka ya hoteli. Mchezo mzima anaujua kwa madoa.

Usicheke. Mtu huyo anajua kazi yake. Siku moja tulimsifia namba saba mpaka mate yakatukauka, tukasema amepambana, ameanguka, ameinuka. Dobi akageuza jezi akasema, "Vumbi lote liko mgongoni. Anayepambana huchafuka mbele. Huyu aliteleza." Na kweli, tulipokumbuka vizuri, aliteleza mara tatu. Akapewa tano. Tangu siku hiyo namba saba hupita dukani kwa Dobi akiwa ametazama upande wa pili.

Shida ilikuwa namba nne. Namba nne ni binti wa Dobi, mtoto wake wa mwisho, beki wa kati, na sisi tunamwita Kitasa kwa sababu akishafunga njia hupiti. Jezi yake kila wiki ilikuja safi. Doa moja hivi, mawili, basi. Na kila wiki baba yake alimpa nne, akizidi sana tano. Tulibishana naye. Alikuwa anajibu lile lile: "Jezi haisemi uongo." Tukajua anaogopa kuambiwa anapendelea mwanawe, tukamwacha. Mwenye mtoto ni yeye.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, siku ya nusu fainali, Dobi alikuja kunyolewa ndevu. Kwa kawaida hata ukimwambia anyamaze hanyamazi, lakini siku hiyo alikuwa ametulia kwenye kiti mpaka nikasimamisha wembe.

"Mzee, unaumwa?"

"Yule mtoto kaniuliza swali," akasema. "Kuna timu ya mji mwingine wanamtaka. Wanataka jibu Jumatatu. Kaniuliza, baba, niende au nibaki?"

"Ukamjibuje?"

Akatazama mikono yake. Mikono ya Dobi, tangu mwaka jana, si ya kutazama. Sabuni na dawa ya madoa vimeipasua katikati ya vidole, na mwanzoni mwa mwaka huu ilifikia kutoa damu. Asubuhi za baridi mkewe ndiye anayemfungia vifungo vya shati.

"Nilimtania," akasema. "Nilimwambia, mtu wa alama nne, huko wanamtakia nini?"

"We mzee!"

"Si utani tu?"

"Alicheka?"

"Hakucheka. Alisema haya baba, akaenda kulala. Mama yake hajanisemesha tangu Alhamisi. Chai napata, lakini kikombe kinatua mezani kwa kishindo."

Nilitaka kucheka nikajizuia, maana nilikuwa na wembe shingoni kwake. Nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka abaki," akasema taratibu. "Lakini nitamwambiaje abaki, na mimi ndiye ninayempa nne?"

Basi, tukaenda uwanjani, tukashinda mbili kwa moja. Naandika kwa utulivu sasa, lakini siku ile nilipoteza kofia na sauti. Tulirudi tukiwa watatu barabarani kana kwamba tuko mia, muuguzi akiimba mbele, mwalimu akisema polepole jamani, na yeye mwenyewe akipiga makofi kuliko wote. Fainali ilipangwa Jumatano, siku nne tu mbele, kwa hiyo jezi zilitakiwa haraka. Kwa kawaida mfuko huja Jumatatu, kila kitu kimeshakauka. Siku hiyo ulikuja saa ile ile, umebebwa na kocha mwenyewe, na ulinuka ushindi. Nasema ushindi kwa heshima.

"Namba moja," Dobi akaita.

"Kipa wetu leo alikuwa amelala mchezo mzima," muuguzi akasema. "Lile goli tulilofungwa hata mimi nisingefungwa."

"Wewe ungefungwa hata bila mpira," mwalimu akamwambia.

Dobi akatazama viwiko. "Ameanguka kulia tu. Kushoto hapendi. Sita."

"Namba tisa!"

Hapo tulisema wote kwa pamoja. Magoli yote mawili ni ya namba tisa, la pili kutoka kwenye kona fupi, mpira ukapita katikati ya magongo ya mabeki wanne kama umeitwa nyumbani. Dobi alikuta vumbi ndani ya kola, mahali ambapo vumbi halifiki mtu asipotaka. Akampa tisa, na mwalimu akaiandika kwa mwandiko wa shuleni, ina mkia.

Namba kumi na moja, yule wa pembeni mwenye mbio, tuligombana juu yake. Mimi nilisema anakimbia vizuri. Muuguzi akasema hata swala anakimbia vizuri, lakini mpira je? Dobi akaona jasho jingi na vumbi kidogo, akasema, "Huyu amekimbia asikofukuzwa na mtu. Tano na nusu."

Kisha akatoa namba nne. Nyeupe. Imekunjwa.

Sote tukasogea mezani, kwa sababu leo hapakuwa na ubishi wa kumwachia mwenye mtoto. Dakika ya mwisho, mbili kwa moja, kipa amekwishapitwa, goli liko wazi, Kitasa alijitupa kwa tumbo mstarini na kulaza gongo lake chini, mpira ukagonga gongo ukatoka nje. Tulimwona. Uwanja mzima ulimwona. Aliinuka mwekundu kuanzia kidevuni mpaka magotini.

"Kumi," muuguzi akasema.

"Kwa jezi hii?" Dobi akauliza. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Dada yangu, msitie chumvi kwa ajili yangu. Mtu aliyelala vumbini, vumbi lake liko wapi?"

"Mzee, nilimwona kwa macho haya! Aliteleza kwa tumbo kama samaki!"

"Basi nionyesheni."

Muuguzi akamnyang'anya jezi ili amwonyeshe. Akaipeleka puani. "Mbona imeloa?"

"Jasho," Dobi akasema.

"Jasho la nani linalonukia sabuni ya kuogea?"

Dobi akaichukua tena. Safari hii aliishika kama anavyoshika nguo za wateja, kwa ncha za vidole, na mimi niliona uso wake ukibadilika. Alama za kukamua zilikuwepo, ule msokoto unaobaki kwenye kitambaa. Akaigeuza ndani nje. Kwenye mshono wa kola, kwenye makwapa, kwenye pindo la chini, kote kulikojificha, udongo mwekundu ulikuwa umejaa.

Miezi yote hiyo hakuwahi kuigeuza ndani nje. Nguo chafu ndiyo inayotazamwa kwa dobi. Iliyo safi hurushwa moja kwa moja kwenye lundo la kazi nyepesi.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikatamani ndoo inimeze. Kila baada ya mechi nilikuwa namwona Kitasa kwenye bomba nyuma ya uwanja, ameinama, povu mpaka viwikoni. Nilidhani ananawa uso. Nilishawahi hata kumtania: dada, unajipodoa kwa ajili ya nani? Nikawaambia wote, pale pale. Mwalimu akanitazama jinsi anavyotazamwa mwanafunzi aliyejua jibu akanyamaza muhula mzima.

"Mganga hajigangi," muuguzi akasema polepole, na hakuwa anamcheka.

Mlango ukagongwa, akaingia Kitasa mwenyewe na mfuko wa soksi zilizosahaulika. Nywele zake bado zilikuwa na vumbi. "Shikamooni," akasema, halafu akaona baba yake ameshika nini.

"Nani kakufundisha kufua jezi kwa sabuni ya kuogea?" Dobi akauliza. Alitaka iwe ukali. "Sabuni ya kuogea inaacha utando. Huoni?"

"Nilikuwa natoa vumbi tu, baba."

"Tangu lini?"

Msichana akanitazama mimi, akamtazama muuguzi, hakupata pa kujificha. "Tangu mikono yako ilipoanza kutoka damu," akasema. "Ziko jezi kumi na sita. Nikasema angalau yangu usiisugue."

"Na mimi nikawa nakupa nne."

"Ndiyo, baba."

"Hukusema."

"Ningesema ungenikataza."

Dobi alikaa kwenye rundo la mashuka ya hoteli, yale yaliyokwisha pigwa pasi, kitu ambacho sisi wengine tukikigusa kwa kidole tu tunatukanwa. Alilia, nasema wazi, na alilia vibaya, kwa sababu hana mazoezi. Muuguzi akatazama dari. Mimi nilijishughulisha na kamba ya ndoo.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alichukua kitambaa, akafuta mstari wote wa namba nne kwenye ubao, nne zote na tano zake, akasimama na chaki. "Niandike ngapi?"

"Kumi!" tukasema.

"Usiandike," Dobi akasema.

Tukageuka. Kitasa naye akageuka, na niliona amekaza taya, anasubiri kuumizwa tena.

"Zile alama zilikuwa za nguo," Dobi akamwambia. "Zako wewe sijawahi kuzitoa. Nitazitoaje? Sijakuona ukicheza hata siku moja. Wamekuona kinyozi na muuguzi, wamekuona watu wa mji mwingine wamekuja mpaka huku kukutaka, mimi nimekaa na mashuka." Akajifuta uso kwa shuka la hoteli, nalo likawa la kufuliwa upya. "Fainali ni saa ngapi?"

"Jumatano, saa tisa."

"Nitakuja."

"Na hoteli?"

"Walale juu ya magodoro."

Muuguzi alicheka kwa nguvu mpaka vibanio vikaanguka kwenye kamba. Kitasa hakucheka bado. Alikuwa anasugua vumbi la mkononi kwa kidole gumba.

"Na Jumatatu niwajibu nini wale watu, baba?"

Dobi akainuka. Alimpa ile jezi mkononi, akavifunga vidole vya mwanawe juu yake kwa mikono yake ile iliyopasuka.

"Utakwenda ukitaka, utabaki ukitaka, na mimi nataka ubaki, leo nasema mbele ya mashahidi. Lakini usiende kwa sababu ya nne zangu. Waambie wasubiri mpaka Alhamisi. Na Jumatano jezi yako niletee chafu, mama. Niletee na udongo wake wote. Nataka nione ulipoangukia."

"Na mikono?"

"Nitamletea glavu," muuguzi akasema. "Za kununua, msinitazame hivyo."

Kitasa akaikunjua jezi, akaitazama, akaitupa kwenye lundo la nguo chafu, pamoja na zile zilizokwisha itwa. Kisha akaenda akasimama upande wa baba yake nyuma ya meza, akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa inayofuata.

"Namba tano," akasema. "Huyu mimi nilikuwa naye pembeni dakika zote sitini. Msimpe zaidi ya sita."