Dada Alipotiwa Rangi ya Majivu

Dada yangu alikuwa na hofu moja tu, nayo ni kuzikwa na watu wachache. Njaa tuliizoea. Fisi aliwafukuza kwa mwiko. Lakini ukimtajia mazishi yenye watu kumi, anaacha anachofanya.

Hofu hiyo ilitoka kwa baba. Tulimzika wakati wa masika, sisi tungali wadogo, huko juu milimani kabla hatujashuka Babati. Njia ilikatika, watu hawakufika. Walikuwepo wanaume wanne, mama, na sisi wawili. Kaburi likajaa maji. Wanaume walikuwa wamembeba baba mabegani, hawana pa kumweka, basi dada akapewa sufuria ashuke mle ndani ayachote. Nilikuwa napokea sufuria juu na kumwaga. Alipotoka alikuwa na matope mpaka kwenye nywele, na hakulia, si siku ile wala baadaye.

Akakua akawa mtu wa misiba. Aliolewa Bonga, akabaki mjane mapema, lakini akifa mtu Bagara, dada yupo. Maisaka kwangu huku, yupo, na kuni kichwani. Wakifiwa Waislamu wa madukani pale mjini, yupo na wanawake wa kule nyuma, anamenya vitunguu. Nilikuwa namcheka.

"Dada, huyu wa leo ulimjua?"

"Sikumjua. Kwani yeye akinizika mimi atanijua?"

"Ameshakufa, atakuzikaje?"

"Wanawe, mjinga wewe. Wanawe wameniona."

Mimi nilisoma ngumbaro tu, masomo ya watu wazima, miezi michache, na mwalimu alikuwa binti wa rika la mwanangu. Nasoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Ila majina hayanitoki. Kila aliyefika kwenye msiba wowote niliohudhuria ninaye kichwani, na jina la baba yake pia. Humu sitaandika hata moja, kwa sababu daftari kama hili hushikwa na kila mtu, na watakaosemwa hapa wana watoto.

Sasa niseme habari ya mjukuu wangu, maana yeye na mimi ndio tulioharibu.

Ni mtoto wa binti yangu, nilimlea mwenyewe. Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi kwenye steshenari mjini. Ofisi za mkoa zilipoletwa hapa, mkoa huu ambao sisi wazee tunauita mpya mpaka leo, kila mtu alitakiwa picha za paspoti, za kazi, za shule, za hiki na kile. Steshenari zikaota kama uyoga. Mjukuu akajifunza pale kumtoa mtu kwenye ukuta wa udongo na kumweka kwenye bluu. Akinisimulia nilishangaa. Mtu anaingia na ukuta wa jikoni kwake nyuma, anatoka kama karani.

Baadaye akanunua simu kubwa, na humo akaingia kwenye kundi la watu wanaopenda picha. Walikuwa wengi, wa Arusha, wa Mbeya, wengine sijui wa wapi. Kazi yao ni hii: unapiga picha ya kitu, unakibadilisha rangi, unawaonyesha wenzako, nao wanasema. "Giza limezidi." "Punguza bluu." "Hapo umeweza, dada." Waliopenda wanaweka moyo mwekundu. Mjukuu alinionyesha mlima wetu wa Kwaraa ukiwa wa zambarau.

"Umemwagia mlima juisi," nikamwambia.

"Ndiyo uzuri wake, bibi."

"Na huyu ng'ombe wa kijani?"

"Huyo nilikosea."

Tulicheka. Yalikuwa mambo mazuri kwetu. Akirudi kazini ananisomea majina ya walioweka mioyo, nami nayashika. Wengine walikuwa watu wa hapa hapa, watoto wa watu ninaowajua. Ikawa nikikutana na mama yao sokoni namwambia, "Mwanao jana alimpenda kuku wangu," naye ananitazama kama nimechanganyikiwa.

Siku moja tulikwenda Bonga kumsaidia dada kupura mbaazi. Alikuwa amekaa mlangoni na ungo, kilemba cha njano, jua likimpiga upande mmoja. Mjukuu akampiga picha. Dada akauliza, "Meno yameonekana?" Akaambiwa hayakuonekana. "Basi hiyo ni nzuri."

Tulipofika nyumbani mjukuu akakaa nayo. Aliitia rangi ya chai, akaiacha. Akaitia rangi ya machweo, akasema imekuwa kama ya kalenda. Mwisho akaitoa rangi zote, ikawa nyeusi na nyeupe, rangi ya majivu. Mimi mwenyewe nilisema, hii ndiyo. Mikunjo ya uso wa dada ilionekana mmoja mmoja, kama mifereji ya shamba baada ya mvua. Mjukuu akaipeleka kwenye kundi lake bila kuandika neno chini, kwa kuwa alisema picha nzuri haihitaji maelezo.

Sisi wawili hatukufikiri. Kwetu huku mtu akiwekwa kwenye simu akiwa wa majivu, peke yake, bila maneno, amekufa. Ndivyo tanzia zinavyokuja siku hizi. Mjukuu anajua, mimi najua, kila mtu anajua. Lakini tulikuwa tumeitazama picha tangu ikiwa na kilemba cha njano, hatukuona mauti ndani yake. Aliyeikuta ikiwa majivu hakuona kingine.

Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa kwenye lile kundi. Akaichukua, akaipeleka kwenye kundi la ukoo. Pale wakaanza: poleni, poleni, Mungu ametoa. Mjukuu alikuwa kazini, simu imeisha chaji, na usiku nyumbani umeme ulikatika. Mimi simu yangu ni ya tochi, haina makundi. Mtoto wa pekee wa dada, aliyekuwa machimboni Kahama na hajakanyaga Bonga kwa miaka mingi, aliambiwa hapo hapo. Aliipiga simu ya mama yake haikupatikana, nayo haikupatikana siku zote, kwa sababu dada aliiweka ndani ya debe la mahindi isiibiwe. Mwanawe akapanda basi.

Kesho yake asubuhi niliona wanawake wa Maisaka wakipita na ndoo na kuni, wamefunga kanga kiunoni. Mmoja akanishika mkono.

"Mama, pole. Mbona bado uko nyumbani?"

Nilipofika Bonga kwa bajaji, turubai lilikuwa limeshafungwa nusu. Mabenchi ya kanisani yameletwa. Wanaume wanabishana kaburi lichimbwe upande gani wa mgomba. Watu walijaa mpaka barabara ya Dodoma, Waislamu wa madukani wamekuja na gunia la mchele. Na dada yangu amesimama mlangoni, ndoo mkononi, anawatazama. Alikuwa amekwenda kuchota maji, aliporudi akakuta msiba wake. Jirani mmoja alikuwa ameanguka chini kwa hofu, wanampepea.

Halafu dada akasema, "Karibuni. Sikuwapikia."

Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Mtu akilia machozi kwa ajili ya maiti, halafu maiti inamkaribisha, haoni raha. Mzee mmoja wa ukoo akasema machozi yaliyomwagika juu ya mtu aliye hai ni deni la mauti, lazima kondoo achinjwe pale pale. Akachinjwa. Mjukuu wangu alipiga magoti mbele ya wazee wote akaeleza habari ya kundi na rangi. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyoonekana mbaya zaidi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnacheza," mzee akasema.

"Hatukucheza, babu. Tulikuwa tunapamba."

"Mnapamba mtu kwa kifo."

Mtoto wa dada alishuka kwenye basi siku ya pili, kaburi halipo. Mama yake alimkimbilia. Alimshika uso kwa mikono miwili, mwanawe akawa ananitazama mimi juu ya bega la mama yake.

"Mama mdogo, nimeacha zamu yangu. Nimelia njia nzima, watu kwenye basi wamenipa pole."

"Ni makosa yetu, baba. Lakini si umemuona mama yako?"

"Nimemuona. Siku nyingine nikiambiwa, sitakuja mpaka nihakikishe."

Akala kidogo, akaondoka na basi la asubuhi.

Dada hakutukasirikia. Hilo ndilo lililonichoma. Kwa majuma kadhaa alikuwa na furaha ya ajabu. Alinitaka nimtajie majina yote ya waliokuja, nami nikamtajia, tukiwa tumekaa na mbaazi zetu. Akasikia na wale aliodhani wamemsahau. "Hata yule?" "Hata yule. Alileta sukari." Halafu akachezea punje kwenye ungo.

"Wameshakuja sasa," akasema. "Watakuja tena?"

Nikamwambia watakuja, kwa nini wasije. Nilisema haraka mno.

Jioni ile nilimwambia mjukuu maneno ambayo nayajutia kila siku. Nilisema: usimfanye tena mtu majivu. Si dada, si mimi, si mtu yeyote wa nyumba hii, awe mzima awe amekufa. Aliapa. Kwenye kundi lake akarudia milima na kuku.

Dada alikufa masika yaliyofuata, kifua, siku tatu tu. Nilikuwa naye. Mjukuu alikuja na simu, macho yamevimba, akakaa sakafuni karibu na kitanda.

"Bibi, niwatangazie. Niifanye nyeusi na nyeupe?"

"Nilikukataza nini?"

"Bibi, safari hii ni kweli."

"Nilikukataza."

Akaipeleka ile ile ya mlangoni, yenye kilemba cha njano na jua. Akaandika chini yake kwamba bibi ametutoka, mazishi kesho kutwa Bonga. Akaipeleka kwenye ukoo, na kwa uchungu wake akaipeleka na kwenye kundi la picha, maana wale ndio waliokuwa wenzake.

Watu hawasomi. Wanaona picha. Wa kundi la picha waliona bibi wa kilemba cha njano kwenye jua zuri, wakaanza kuweka mioyo. "Bibi kapendeza." "Mwanga huo, hatari." Moyo, moyo, moyo. Wa ukoo walisoma, na hao wakawa wabaya kuliko wasiosoma. Mmoja akaandika, "Tena?" Mwingine, "Mara hii mmempaka rangi nzuri." Mwingine akauliza kondoo wa safari hii ni wa nani. Mjukuu akawajibu, akaapa, akalia kwa sauti ndani ya simu akawatumia kilio chake. Wakasema hata kilio siku hizi kinatengenezwa.

Mimi nilipiga simu kwa tochi yangu. Majina ninayo yote, namba sina. Nilizokuwa nazo ni tisa. Wanne walipokea.

Mtoto wake alipiga mwenyewe.

"Mama mdogo, nitumie picha yake alivyo sasa. Alivyolala. Nikiiona napanda basi saa hii hii."

Mjukuu alikuwa ameshanyanyua simu. Dada amelala, tumemfunga kidevu kwa kitambaa, mdomo bado haujakubali kufunga vizuri. Nilimkumbuka akiuliza kama meno yameonekana.

"Mtu aliyefumba macho hapigwi picha," nikamwambia mwanawe. "Ni mama yako. Njoo."

"Basi nipe mtu mwingine aniambie."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ndiye uliyemuua mara ya kwanza, mama mdogo." Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mvua.

Tulimzika watu kumi na saba, pamoja na mchungaji, wachimbaji na majirani wachache waliomwona kwa macho. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Turubai tuliazima moja, upepo ukalichukua upande. Mzee mmoja Mwislamu wa madukani alikuja kwa miguu na mwavuli, akasema yeye hana simu, alisikia tu. Kaburi halikuingia maji. Hilo nashukuru, maana nilikuwa nimekuja na sufuria chini ya kanga na sikumwambia mtu.

Wengine walikuja baadaye, walipoamini. Walikuja wawili wawili, na sukari, wakakaa kidogo kwenye kiti, wakasema barabara ilikuwa mbaya. Mwanawe alikuja baada ya mwezi. Alisimama kaburini muda mrefu. Kisha akamwomba mjukuu wangu ile picha ya majivu, ya kwanza. Mjukuu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, na sasa ipo kwenye fremu nyumbani kwa dada, na ukiiona unaamini mara moja.

Ile ya njano mjukuu hakuweza kuitoa kwenye kundi lake. Alisema akiitoa atakuwa amemzika tena. Mioyo ilikuja hata siku ya mazishi, ikaendelea kwa majuma, naye akinisomea majina kama zamani, kwa sauti ndogo, nami nikayashika kama zamani. Kwa hiyo ninayo majina ya aina mbili. Wale kumi na saba nawataja kwenye sala. Wa mioyo siwataji, lakini hawatoki.

Juzi mmoja wao, mama wa nyanya pale sokoni, aliniita.

"Shikamoo, bibi. Yule dada yako wa Bonga hajambo? Nilimuona kwenye simu, alipendeza kweli, nikamwekea moyo."

Ni mwanamke mwema. Mama yake alipokufa, dada ndiye aliyechota maji ya kuoshea vyombo siku zote tatu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Tulimzika."

Aliishika nyanya mkononi akaisahau. Akauliza lini. Nikamwambia, "Siku ile ile uliyoweka moyo."