Mguu wa Kushoto wa Mama wa Mwaloni

Asubuhi ile Filemoni alishuka mwaloni, ufukoni pa wavuvi, kununua dagaa wa mboga, akakuta boti imefungwa kwenye mguu wa sanamu yake. Kamba nene ya manila, imezungushwa mara mbili juu kidogo ya kifundo, mguu wa kushoto. Kati ya miguu miwili aliyompa yule mama, wavuvi walichagua ule ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuamini hata siku moja.

"Mwakeye, mzee!" alimsalimia Gasper, mwenye boti, huku akishusha magunia. "Ziwa limekula nguzo zetu zote. Tumebaki na Mama."

Ni kweli, ziwa lilikuwa limekula. Kwa miaka kadhaa Tanganyika ilikuwa ikipanda kidogo kidogo, kama mgeni anayesogeza kiti chake hadi ukamkuta kakaa katikati ya sebule. Ilichukua chanja za kuanikia dagaa, ikachukua vibanda viwili vya chai, na sasa ilikuwa ikilamba kitako cha zege alichosimama Mama. Zamani ulimfikia kwa viatu vikavu. Siku hizi maji ya mbele yake yalikufika kifuani.

"Mfungue," alisema Filemoni. "Mnamvunjia heshima."

Gasper alicheka. "Heshima gani, mzee wangu? Umemtengeneza mwenyewe, shaba tupu. Huyu atang'oka?"

Filemoni hakujibu. Swali kama lile hulijibu ila kwa kusema kweli au kwa kusema uongo, na yeye kwa miaka sita alikuwa amejizoeza njia ya tatu, kunyamaza. Alisahau hata dagaa wenyewe. Alirudi nyumbani Katubuka na kikapu kitupu, na mkewe Diana alimtazama tu, akatia maharage jikoni.

Huyu Filemoni, kwa wasiomjua, ni mzaliwa wa Ilagala, mtoto wa fundi mitumbwi. Kabla hajajua kusoma alijua kuziba mtumbwi: unachukua pamba, unailoweka mawese, unaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu mpaka ufa ukome kulalamika. Baadaye alikuja mjini akaajiriwa kwenye karakana iliyokuwa ikiyeyusha shaba chakavu na kusubu bushi za mashine za boti. Kazi ya joto na moshi, isiyo na sifa. Siku moja ikabaki shaba kidogo kwenye chungu, naye badala ya kuimwaga akaimimina katika kalibu aliyoitengeneza kwa siri, kichwa cha mama yake, kikubwa kama embe. Tajiri wake alikitazama akauliza kinafanya kazi gani. Filemoni alisema hakifanyi kazi yoyote. Tangu siku hiyo akajua maisha yake yameharibika, na alifurahi.

Alijifunza mwenyewe, kwa kuunguza na kuunguzwa. Unachonga umbo kwa nta ya nyuki, nta nzuri ya Kibondo, unalifunika udongo, unachoma, nta inayeyuka na kutoka, mahali pake unamimina shaba. Ukikosea, miezi minne imekwenda na maji. Alitengeneza mfinyanzi aliyekaa mbele ya shule moja, na mpiga ngoma wa bustani ya mji. Watu wa Kigoma kwa kutia kasoro hawajambo. Mfinyanzi, wakasema, amekaa kama anayesubiri daktari. Mpiga ngoma walimpenda, ila waliuliza kwa nini hana tumbo, kwani mpiga ngoma gani asiyealikwa kula?

Halafu akaja Mama wa Mwaloni, na vinywa vikafumba. Mama amejitwika beseni la dagaa, mkono mmoja juu, mguu wa kulia umenyanyuka kisigino, uzito wote umeegemea wa kushoto. Sura ni ya Verediana, mwanika dagaa wa palepale mwaloni, aliyesimama mbele ya Filemoni kuchongwa wiki tatu bila kulalamika ila kwa kitu kimoja, kwamba pua yake si pana hivyo. Sanamu iliposimamishwa Verediana alilia mbele za watu. Upepo wa baridi ulipovuma, wanawake walimfunga Mama kanga. Wana wanne wa Verediana wakaitwa watoto wa sanamu, nao waliringa.

Lakini ule mguu. Siku ya kumimina mguu wa kushoto mvua ilinyesha, mkaa ukalowa, shaba ikapoa kabla haijafika chini. Alipopasua udongo alikuta upande wa ndani wa kifundo pana tundu, ngumi inapita. Shaba ilikuwa imekwisha. Propela ya mwisho ya boti ilikuwa tayari imekuwa beseni la Mama. Uzinduzi siku nne mbele, mgeni rasmi kaalikwa, ng'ombe kanunuliwa. Fundi mwingine angeahirisha. Filemoni alikuwa mtoto wa fundi mitumbwi, na mikono yake ilifanya ilichofundishwa utotoni. Alichukua pamba, akailoweka mawese, akashindilia. Juu yake akapaka gundi ya chuma iliyochanganywa na unga wa shaba, akapiga msasa, akapaka rangi. Hata yeye, akisogea nyuma hatua mbili, hakuona kitu. Aliwaza kwamba kinachozuia ziwa zima kuingia mtumbwini hakiwezi kushindwa na kifundo cha mguu. Alisahau kwamba mtumbwi haubebi beseni la shaba kichwani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Yeye aliuziba, ndiyo maana hakulala. Kila Jumapili baada ya ibada aliteremka mwaloni, akakaa juu ya jiwe lilelile, akakitazama kifundo. Watu waliona mzee anayeipenda kazi yake. Watoto walipopanda hadi kwenye beseni na kurukia majini, alihesabu kimoyomoyo mpaka wa mwisho ashuke. Mara kumi alinyanyuka kwenda kwa Verediana akamwambie. Mara kumi aliishia kumsalimia.

Wiki ya zile kamba za Gasper ikaja barua. Wakubwa wa mji walitaka sanamu kubwa zaidi, wapagazi watatu, isimame mbele ya stesheni ya reli. Wangekuja Ijumaa wamwone Mama kwanza. Filemoni aliisoma barua mara tatu. Miaka arobaini alikuwa akiiota kazi kama hiyo. Na sasa ilipofika, alitamani ingepotelea njiani.

Ijumaa walikuja, wawili, na faili. Wakasimama ukingoni wakimsifu Mama. Boti ya Gasper ilikuwa imefungwa palepale, imejaa wanawake na magunia ya mihogo. Watoto sita walikuwa wakipanda na kuruka, wawili kati yao wa Verediana. Ndipo upepo wa kusini ukainuka, kama unavyoinuka ziwani, bila kuaga. Wimbi la kwanza liliinua boti, kamba ikakaza. La pili likaikaza zaidi. Filemoni aliona kwenye kifundo mstari mwembamba ukifunguka na kujifunga, ukifunguka na kujifunga, na mawese ya miaka sita yakichuruzika juu ya unyayo wa shaba, mekundu, ya uvundo.

"Watoto washuke!" alipiga kelele. "Gasper, kata kamba!"

Wakacheka. Mzee na heshima yake tena. Mmoja wa wageni alitabasamu akaandika kitu.

Hofu aliyokuwa nayo Filemoni saa ile haikuwa ya aibu tena. Ile ya aibu aliijua, alikuwa ameizoea kama jino bovu. Hii ilikuwa ya watoto. Aliingia majini na nguo zake za kanisani, alizowavalia wageni.

"Mguu ni mtupu!" alisema. "Ni pamba! Niliziba kwa pamba na mawese, hakuna shaba humo! Shusheni watoto!"

Hapo hakucheka mtu. Gasper alikata kamba kwa panga, boti ikayumba ikasukumwa nje. Wanawake walijitupa majini wakabeba watoto wowote waliowafikia, wa kwao na wa wenzao. Dakika chache pakawa hakuna mtu chini ya Mama isipokuwa aliyemtengeneza, kamkumbatia mguu, kana kwamba mikono ya mzee wa miaka sitini ingemzuia.

Hakuanguka. Upepo ulipita, ziwa likatulia, na Mama alikuwa amesimama vilevile na beseni lake. Baadhi ya watu walianza kunong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Filemoni angeweza kunyamaza, kwa mara nyingine, na pengine wangemwamini. Aliomba patasi. Alibandua gundi, akavuta pamba, ikatoka ndefu na nyeusi, mpaka tundu likabaki wazi mbele ya kila mtu.

Wageni wawili walifunga faili wakaenda garini. Filemoni hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Verediana, aliyekuja taratibu ndani ya maji, akainama, akaingiza mkono wake kwenye mguu ule uliobeba sura yake, mpaka kiwiko. Akauchomoa. Akaunawa ziwani.

"Kaka Filemoni," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo iliyomtisha. "Mwaka juzi, mwanangu wa mwisho alipojifunza kupiga mbizi kutoka kwenye beseni hili, wewe ulikuwa umekaa pale juu ya jiwe."

"Nilikuwepo."

"Ulimpigia makofi."

"Ndiyo," alisema Filemoni. "Nilimpigia."