Kidole cha Mama kwenye Bawa la Ndege

Mama yangu ameuza sufuria pale Majengo tangu nikiwa mdogo, na ana namna moja tu ya kuzipima: anabonyeza kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea, sufuria inarudi kwa aliyemletea. Mimi nikawa fundi wa ndege ndogo. Kwa hiyo sote wawili tunakula kwa aluminiamu, ingawa yeye hakuwahi kukanyaga uwanja wa ndege hadi dada yangu alipojifungua huko Songea.

Alitaka kumwona mjukuu wake wa kwanza, na mgongo wake usingestahimili basi. Bahati nzuri, ndege niliyokuwa nimemaliza kuikagua ilikuwa inakwenda Songea kuchukua abiria. Mwenye nayo akakubali mama apande.

Asubuhi ile alifika amevaa kitenge kipya, mkononi sufuria ya zawadi.

"Shikamoo mama," rubani alimwamkia.

"Marahaba. Dereva ndiye wewe? Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

Akalisogelea bawa, akalibonyeza kwa kidole gumba. Bati likaingia kidogo, likarudi. Mama akaweka sufuria chini.

"Mwanangu, hii hata wateja wa mnadani wangenirudishia. Sipandi."

Rubani akatazama saa. Nikamweleza mama kwamba bati la ndege halifanani na la sufuria: limechanganywa na shaba na magnesiamu kidogo, likachomwa, likazamishwa majini, kisha likaachwa likaze lenyewe.

"Linakaa tu, halafu linakuwa gumu," alisema. "Kama baba yako."

Lakini sufuria hakuiokota. Nikamshika mkono, nikaweka kidole chake juu ya mstari wa riveti, vile vijipini vinavyolishikiza bati kwenye mbavu za ndani ya bawa. Akabonyeza. Hapakuingia. Akahamia mstari wa pili, kisha akaifuata mistari yote hadi nchani, akiuma mdomo kama anavyofanya akipokea mzigo dukani.

"Mbona hukuniambia ina mbavu?" aliniuliza. Akamgeukia rubani. "Na wewe usiogope. Ingekuwa nzito ingerukaje?"

Akaokota sufuria yake, akapanda.

Mchana alinipigia simu. Sikuulizwa hali, wala safari hakuitaja.

"Nimembonyeza mtoto shavu," alisema. "Linaingia lote. Ila huyu simrudishi."