GPU ya kampuni nyingine ilivyomloweshea mama yangu dagaa

Wakuu habari zenu.

Nimesubiri nitulie ndiyo nikaandika, maana ningeandika siku ile ile mods wangenipiga ban. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Anayebisha aende mwaloni, kule ufukweni upande wa Magu, akamuulize mama yangu, ila asitaje kompyuta kabla ya kumwamkia.

Iko hivi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Minza, bado ananyonya. Elimu yangu ni kidato cha nne. Code nimejifunzia kwenye simu, halafu kwenye kompyuta ya kikundi chetu, tuna chumba pale Mabatini. Kiongozi wetu ni kaka mmoja anaitwa Renatus. Yeye kasoma chuo, na ndiye aliyeandika programu yetu ya kwanza.

Programu yenyewe inachukua picha za mawingu za satelaiti, inapima kila kipande cha wingu kimesogea kiasi gani, halafu inakokotoa mvua itafika wapi ndani ya saa chache zijazo.

Hesabu zake ni nyingi mno. Ukiipa processor ya kawaida, inakuletea jibu wakati mvua imeshanyesha na watu wameshaloa. Ndiyo maana tunatumia GPU, ile kadi ambayo wengi humu mnaijua kwa magemu.

Wanaotutegemea ni kina mama wanaoanika dagaa ufukweni, mama yangu akiwemo.

Kwa wale wa bara kavu: dagaa akiloa akiwa ameanikwa, basi tena. Anabadilika rangi, ananuka, mnunuzi anakuja anaangalia kwa mbali anasema hao wa kuku. Kazi yako yote imekuwa chakula cha kuku.

Kwa hiyo kila asubuhi natuma voice note kwa Kisukuma kwenye group lao la WhatsApp. Leo anikeni. Leo msianike. Leo anueni mapema. Ni sauti yangu, siyo ya Renatus. Mvua ikinyesha, anayesemwa ni mimi.

Sasa kadi yetu ikafa. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mara ya mwisho ukarudi na harufu ya kuungua.

Rafiki yake Renatus akatupa kadi yake, nzuri kuliko ile ya kwanza, ila ya kampuni nyingine. Majina siyataji, humu mna mashabiki wa kadi wabishi kuliko wa mpira.

Shida ikaanzia hapo. Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya kadi za kampuni moja tu. Ukiipeleka kwa kadi ya kampuni nyingine ni kama umemsemesha Mhaya kwa Kisukuma cha ndani. Atakuangalia tu.

Renatus akasema tuiandike upya kwa namna inayohamishika. Code inakuwa moja, compiler ndiyo mkalimani, inatafsiri kwa kadi yoyote utakayochomeka. Nikaunga mkono. Sipendi kufungwa kamba na kampuni, kadi ikifa unaanza kuzunguka mji mzima unatafuta ndugu yake wa damu.

Tukahamisha kipande kwa kipande, Minza mgongoni. Ikacompile bila error hata moja. Ikakimbia kuliko zamani. Renatus akaagiza soda, tukanywa kama watu waliofaulu.

Kesho yake nikatuma voice note: mvua ipo, ila ni ya jioni, anikeni bila wasiwasi.

Mvua ikashuka mchana, jua likiwa bado utosini.

Mama akanipigia. Hakuna salamu.

"Mama Minza, hiyo kompyuta yako imetuloweshea dagaa."

Nikasema samahani mama.

"Samahani yako ianike hapo nje tuone kama itakauka."

Halafu kuna Mama Kulwa, anaanika jirani na mama. Yule mama ana mdomo. Akachukua voice note yangu akairudisha kwenye group na kicheko juu, akasema tumwombee nabii wetu wa Mabatini.

Mama akapiga tena. Akasema ananipa nafasi moja. Nikikosea tena anatoka kwenye group, na akitoka yeye mwalo mzima unatoka, kwa sababu yeye ndiye aliyewaingiza na hawezi kuchekwa na Mama Kulwa mara mbili.

Nikaenda Mabatini nimevimba. Renatus akaniambia labda upepo ulibadilika tu, hali ya hewa ndivyo ilivyo.

"Kaka Renatus, usinichanganye," nikamwambia. "Sasa hivi kuna kuku anakula dagaa wa mama yangu."

Akacheka, na mimi nikazidi kukasirika, lakini akavuta kiti. Tukachukua picha za siku ile, tukazipitisha kwenye processor ya kawaida, polepole, halafu kwenye kadi mpya. Tukalinganisha kasi ya kila wingu.

Kadi ilikuwa inasema nusu. Kila wingu, nusu kamili. Wingu linakimbia, yenyewe inasema linatembea.

Nikamwambia makosa ya bahati mbaya hayawezi kupangana nusu kamili kila mahali. Hapa kuna nusu haijahesabiwa.

Renatus akaishusha code mpaka akasimama kwenye mstari mmoja.

"Aisee. Thelathini na mbili. Hii niliiandika mimi, tena nilijisifu."

Niwaeleze. Umewahi kuona bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, pale Bujora? Watu wamejipanga mstari na majembe, ngoma inalia, wote wanainua pamoja na kushusha pamoja. GPU inafanya kazi hivyo hivyo. Ina vibarua wadogo maelfu, wamegawanywa kwa mistari, na kila mstari unapiga jembe kwa ngoma moja.

Kadi ya zamani, mstari wake una vibarua thelathini na wawili. Wa ile mpya una sitini na wanne.

Programu yetu, ikifika kwenye kujumlisha kazi ya mstari, ilikuwa inahesabu wale thelathini na wawili wa kwanza inajiondokea. Waliobaki wamelima, wametoka jasho, kazi yao haikuandikwa popote. Ukija kutafuta wastani, kazi ya nusu yao inagawanywa kwa wote, unapata nusu.

Na compiler haikusema kitu, kwa sababu yenyewe inatafsiri ulichoandika. Umeandika uongo kwa sarufi nzuri, inautafsiri uongo vizuri kabisa.

Tukaifuta ile namba. Sasa programu inaiuliza kadi kwanza, mstari wako una wangapi, halafu inajumlisha wote. Tukalinganisha tena na processor, mawingu ya siku nyingi. Yakakubaliana.

Ila kumwambia mama "tumerekebisha" kwa simu nilijua haitoshi. Nikambeba Minza tukaenda mwaloni.

Siku yenyewe sasa. Asubuhi nimesema anikeni, hakuna wingu la kutufikia. Dagaa wametandazwa kwenye nyavu, ufuko wote unameta. Mchana likanyanyuka wingu upande wa Bunda, jeusi, limeinama kama linatafuta mtu.

Kina mama wote wakaanza kukunja nyavu.

Mama akanigeukia. "Linapita au halipiti?"

Nikaangalia simu. "Linapita juu ya maji, mama. Linaenda Ukerewe."

"Mmekagua?"

"Tumekagua."

Akageuza ndoo, akakaa juu yake.

Mama Kulwa nyavu begani akasema, "Nyie mama na mwana, mna shemeji yenu huko mawinguni?"

"Kunja zako, Mama Kulwa," mama akajibu. "Hizi zina mwenyewe."

Wakuu, upepo ukaja wa baridi, mchanga unaruka. Tone likanigonga usoni, likaja na lingine. Mimi niliyesema linapita ndiye niliyeinama kushika pindo la wavu.

"Acha wavu," mama akasema. Hata hakugeuka.

Nikauacha. Tukaiona mvua ile nyeupe kule ziwani, imesimama kama pazia, inatembea kuelekea Ukerewe. Haikugeuza shingo. Jua likarudi.

Ufuko mzima dagaa waliokuwa wanakauka ni wa mama peke yake. Wenzake wakaanza kukunjua upya, dagaa wa wengine wameshachanganyikana na mchanga.

Mama akaokota dagaa mmoja, akamvunja, akalia kach. Akasema, "Kesho uniambie mapema kama kutakuwa na wingu la kupita. Kiuno kinauma kukaa juu ya ndoo."

Hiyo ndiyo pongezi. Anayemjua mama yangu anajua hapo nimepewa ng'ombe.

Nilichojifunza: code kucompile ni jambo moja, kusema kweli ni jambo jingine. Ukihamisha programu kutoka kadi hadi kadi, usiamini kasi, linganisha majibu na ile processor ya polepole. Na usiandike namba ya kadi yako ya jana kana kwamba ni sheria ya dunia. Mvua ni mvua, siku itafika tutakosea tena, ila yawe makosa ya mawingu, siyo yetu.

Mwenye kadi ya kampuni ya tatu naomba anipe nafasi niijaribu code yetu, nataka kuona mistari yake. Wabishi nao karibuni, ila njooni na vipimo, msije na "mwanamke kanyonyeshe". Nanyonyesha hapa hapa huku naandika.

NB: Mama Kulwa kanitumia ujumbe leo asubuhi, anauliza kama aanike. Nilitaka nimcheleweshe kidogo, nikaona dagaa hawana kosa. Nimemjibu.